Joto la Maji na Chakula: Kwa Nini Samaki Wengine Hukua na Wengine Hudumaa

Mazungumzo kwa wasikilizaji wa Bukoba na Muleba

Leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo watu wa Bukoba na Muleba huliona kwa macho yao mara kwa mara, walakini si wengi waliokaa chini kuitafuta sababu yake. Jambo lenyewe ni hili: kwa nini samaki wa namna moja, waliozaliwa siku moja, hukua upesi mahali pamoja na kudumaa mahali pengine?

Natuweke mfano. Majirani wawili wamechimba mabwawa yao bondeni, kila bwawa lina urefu wa mita 15 na upana wa mita 10. Wamenunua vifaranga wa sato kwa mtu mmoja, siku moja, kila mtu vifaranga 300. Baada ya miezi saba, yule wa kwanza atoa samaki wapana kama kiganja cha mtu mzima. Yule wa pili atoa samaki warefu kama kidole, tena ni wengi kuliko wale aliowaweka. Fedha alizonunulia vifaranga hazikurudi, na watoto waliongojea kitoweo wamekula ndizi na maharage kama siku zote. Watu watasema nini? Wengine watasema mbegu ilikuwa mbaya, na wengine watasema bwana huyu amefanyiwa hila na adui. Basi sisi twasema, kabla ya kumtafuta adui, na tuyatazame maji yenyewe. Tukiyatazama vema tutaona mambo mawili makubwa yanayotawala kukua kwa samaki mchanga, nayo ni joto la maji na chakula kilichomo.

Kwanza tuanze na joto. Ng'ombe na kuku, hata sisi wanadamu, tuna moto wetu ndani ya mwili. Ikiwa ni usiku wa baridi au mchana wa jua kali, joto la damu yetu halibadiliki ila kidogo sana, isipokuwa tumeshikwa na homa. Samaki sivyo alivyo. Damu ya samaki hufuata joto la maji anamokaa. Maji yakipoa, naye hupoa. Tumbo lake husaga chakula polepole, moyo wake hupiga polepole, na hamu yake ya kula hupungua. Maji yakipata joto, kazi zote za mwili wake huenda mbio, naye hutafuta chakula kwa bidii.

Lakini kila namna ya samaki ina joto linaloifaa. Mwanzoni mwa karne ya 20 Waingereza walileta katika mito ya Mlima Kenya samaki aitwaye trauti, atokaye katika nchi za baridi. Samaki huyu hustawi katika maji baridi ya mlimani, na ukimtia katika bwawa la pwani hatachukua muda kufa. Sato ni kinyume chake. Yeye ni mtoto wa maji ya joto. Hukua vizuri kupita kiasi katika maji yenye joto la digrii 27 hata 30 za sentigredi. Maji yakishuka chini ya digrii 20, hamu yake ya chakula hupungua sana. Yakifika kama digrii 16, huacha kula kabisa, na yakishuka hata 11 au 12, hufa. Hata mayai yake hufuata kanuni hiyo: katika maji ya digrii 28 mayai huanguliwa kwa siku nne hivi, na katika maji yaliyopoa siku hizo huongezeka.

Sasa natutazame nchi yetu. Ziwa Viktoria liko juu ya usawa wa bahari kwa mita 1,134 hivi, na vijiji vingi vya Bukoba na Muleba viko juu zaidi, vilimani. Hewa yetu ni ya kupendeza, si ya joto kama Tanga au Dar es Salaam. Maji ya juu ziwani huwa na joto la digrii 24 hata 27 kwa majira ya mwaka. Maana yake ni kwamba sato wa kwetu hafi kwa baridi, lakini yuko chini kidogo ya lile joto limfaalo zaidi. Kwa hiyo kila digrii moja ya joto ina thamani kwetu. Mtu wa pwani aweza kulitupa joto kwa kuwa analo jingi. Sisi hatuna budi kulitunza.

Nasi twalipotezaje? Kwa njia tatu. Njia ya kwanza ni kivuli. Mtu huchimba bwawa chini ya migomba au miti mikubwa, akidhani kwamba samaki hupenda kivuli kama mbuzi. Jua halifiki, na maji hukaa baridi mchana kutwa. Njia ya pili ni maji yapitayo. Wengi huacha maji ya chemchemi yaingie upande huu na kutoka upande ule, usiku na mchana, wakiona fahari kwamba bwawa lao lina maji safi yanayotembea. Hawajui kwamba maji ya chemchemi huja na baridi ya ardhini, na yatokapo huchukua joto lililopatikana kwa jua, tena huchukua na chakula. Njia ya tatu ni kina kilichozidi. Bwawa lenye kina cha nusu mita upande mmoja na mita moja na kidogo upande wa pili lapata joto upesi. Shimo refu kama kisima halipati.

Hilo ndilo jambo la joto. Jambo la pili ni chakula, na hapa wazee wa Buhaya watatufahamu upesi kuliko watu wengine. Nyinyi mwajua tofauti ya kibanja na rweya. Rweya ni nyika ya majani; udongo wake umeoshwa na mvua nyingi, hauna rutuba, na ukipanda mgomba pale hautakupa mkungu wa maana. Kibanja kiko karibu tu na rweya hiyo, pengine hatua chache, tena udongo wake wa asili ni ule ule. Lakini vizazi kwa vizazi watu wamekipa kibanja samadi ya ng'ombe, majani ya kutandaza na majivu ya jikoni, hata kimekuwa cheusi na chenye nguvu. Basi bwawa jipya ni rweya. Mvua ya Bukoba, ifikayo kama milimita 2,000 kwa mwaka, imeuosha udongo wake, na maji yake mara nyingi yana ukali wa asidi. Ukitia vifaranga katika bwawa la namna hiyo usilipe kitu, umepanda migomba nyikani.

Kifaranga wa sato hula nini? Akiwa mdogo sana hula viumbe vidogo vinavyoelea majini, vingine havionekani kwa macho matupu. Akizidi kukua hula vijimea vya kijani vinavyoelea, utelezi ulioota juu ya mawe na matete, na viluwiluwi vya wadudu. Vijimea hivyo ni kama majani ya malishoni, na viumbe vidogo vile ni kama ng'ombe walao majani hayo. Pasipo samadi vijimea havioti, na pasipo vijimea viumbe vidogo havizaliani, na kifaranga hubaki na njaa ndani ya maji meupe yanayopendeza macho ya watu.

Tena ni lazima kukumbuka kwamba mtoto hula kuliko mtu mzima, ukilinganisha na ukubwa wa mwili wake. Kifaranga mdogo aweza kula kila siku chakula chenye uzito wa sehemu 10 katika 100 za uzito wake. Sato mkubwa hutosheka na sehemu 2 au 3. Kwa hiyo njaa ya mwezi wa kwanza na wa pili ndiyo mbaya kuliko zote, na aliyedumaa utotoni huchelewa sana kuwafikia wenzake.

Sasa tumefika penye kiini cha mazungumzo yetu, nacho ni namna joto na chakula vinavyoshikana. Watu wengi hudhani kwamba kila moja lafanya kazi yake peke yake: joto huongeza kidogo, na chakula huongeza kidogo. Sivyo. Fikirini mhunzi na mvukuto wake. Nchi hii ni nchi ya wahunzi tangu kale. Pande za Kemondo wataalamu wamefukua tanuri za kuyeyushia chuma za yapata miaka 2,000 iliyopita. Mhunzi akiwa na makaa tele lakini mvukuto haupulizi, moto hulala na chuma hakilainiki. Akiwa na makaa machache naye apuliza kwa nguvu zote, moto utawaka kwa muda, kisha makaa yataisha na kazi itaharibika. Joto la maji ni mvukuto, na chakula ni makaa.

Samaki akikaa katika maji ya baridi yenye chakula kingi, chakula hubaki bila kuliwa, huoza na kuchafua maji. Akikaa katika maji ya joto yenye chakula kidogo, hali yake ni mbaya zaidi, maana mwili wake unaokwenda mbio hutumia chakula kingi kwa kuishi tu, hata hakibaki cha kujengea nyama. Wataalamu wamepima jambo hili wakaona kwamba chakula kinapopungua, joto linalomfaa samaki nalo hushuka. Samaki mwenye njaa katika maji ya joto hukonda upesi kuliko mwenzake mwenye njaa katika maji ya baridi. Basi mtu aliyekata migomba ili jua lipige bwawa lake, kisha hakuongeza samadi wala pumba, amezidisha njaa ya samaki wake. Yapasa mambo haya mawili yaongezwe pamoja.

Kuna na jambo la tatu, ambalo ni kama mlinzi wa hayo mawili. Samaki huvuta ile hewa iitwayo oksijeni iliyochanganyika na maji. Maji ya joto hushika hewa hiyo pungufu kuliko maji ya baridi. Kwa usawa wa bahari, lita moja ya maji ya digrii 20 huweza kushika miligramu 9 hivi, na maji ya digrii 30 hushika 7 na nusu; nasi tulio juu ya usawa huo hupata pungufu zaidi. Mchana vijimea hutoa hewa hiyo kwa nguvu ya jua, lakini usiku navyo huivuta. Kwa hiyo saa ya hatari ni alfajiri. Ukiona samaki wako wamepanda juu kabla ya jua kutoka, wakifungua vinywa kama watu wenye kiu, jua kwamba samadi imezidi au samaki wamezidi. Siku hiyo acha kutia samadi na chakula, na ufungulie maji mapya yaingie.

Msifikiri, wasikilizaji, kwamba kanuni hizi ni za mabwawa tu. Ziwa letu kubwa lafuata kanuni hizo hizo. Kila mwaka, katika miezi ya Juni, Julai na Agosti, pepo za kusini-mashariki huvuma na maji ya juu hupoa. Maji yaliyopoa huwa mazito, hushuka, na ziwa huchanganyika toka juu hata chini. Rutuba iliyokuwa imelala vilindini hupandishwa juu. Ndipo huota kwa wingi vijimea vyenye maganda mfano wa kioo, ambavyo ngege, samaki wa asili wa ziwa hili, alivila kuliko vyakula vingine. Kwa hiyo majira yale yale yanayopunguza joto ndiyo yanayoleta chakula.

Ngege huyo ndiye aliyemleta huku mtaalamu wa Kiingereza Michael Graham, aliyelizunguka ziwa mwaka 1927 na 1928, kwa kuwa wavuvi walikuwa wamelalamika kwamba samaki wanapungua. Graham aliona kwamba nyavu zenye macho madogo huwakamata ngege kabla hawajazaa, akashauri macho ya nyavu yasipungue inchi 5. Mwaka 1947 shirika la utafiti wa uvuvi la Afrika Mashariki liliwekwa Jinja, na katika miaka ya 1960 wataalamu wake walichunguza mahali wanapokaa watoto wa sato na ngege. Waliona kwamba samaki hao wachanga hukaa katika maji ya kando, machache kabisa, ambayo mchana hupigwa na jua yakawa na joto kuliko ya ndani. Na kadiri wanavyokua ndivyo wanavyohamia penye kina. Kando ndipo penye joto, na kando ndipo penye chakula, tena samaki wakubwa hawawezi kuwafuata pale. Kati ya mwaka 1961 na 1964 ziwa lilipanda zaidi ya mita 2, likafunika majani na ardhi ya pwani, na makao ya samaki wachanga yakaongezeka.

Ngege karibu wametoweka ziwani. Walishindana na sato waliopandikizwa na sangara walioletwa kuanzia miaka ya 1950, na wamesalia hasa katika maziwa madogo yaliyo pembeni. Walakini somo la pwani halikutoweka. Sangara naye, ajapokuwa aweza kuwa na uzito wa kilo zaidi ya 100, huanza maisha yake kwa kula viumbe vidogo vinavyoelea, kisha uduvi, ndipo hula samaki wenzake. Naye pia hupitia utoto wake karibu na kando.

Kwa hiyo, ndugu wavuvi wa Nyamukazi na Kemondo, nanyi wa visiwa vya Bumbire, Ikuza na Goziba, mfahamu kwamba kokoro likiburutwa ufukoni hupita katika chumba cha kulala watoto. Samaki wa kidole kimoja akitolewa leo hajamshibisha mtu, ilhali joto la jua na chakula cha pwani vilikuwa tayari kumfanya kitoweo cha jamaa nzima, pasipo gharama yoyote. Ndiyo sababu sheria ya Tanzania imelikataza kokoro, na tena imekataza kuvua sangara asiyefika sentimeta 50. Mafunjo na matete ya kando nayo yakikatwa yote, watoto hao hukosa maficho na malisho kwa siku moja.

Natumrudie jirani yetu wa pili. Tumeona kwamba aliyotoa yalikuwa madogo, tena mengi kuliko aliyoweka. Sato asipopata chakula cha kutosha, au akisongamana na wenzake, huacha kukua lakini haachi kuzaa. Katika ziwa huzaa akiwa mkubwa. Katika bwawa la njaa huanza kuzaa akiwa na sentimeta 10 tu au pungufu. Watoto wale hugawana chakula kile kile kidogo, na bwawa hujaa samaki wazee wenye miili ya kitoto. Mbegu haikuwa mbaya, wala hakuna adui aliyekuja usiku.

Afanye nini? Kwanza alikaushe bwawa, atoe samaki wote, na kunyunyizia chini chokaa au majivu ili kuondoa ukali wa asidi. Pili, apunguze migomba na miti inayolifunika bwawa, hasa upande wa mashariki na magharibi. Tatu, aingize maji ya kujaza tu na ya kurudisha yaliyopungua, kisha afunge mfereji. Nne, pembeni mwa bwawa ajenge ua mdogo wa vijiti, kiasi cha sehemu moja ya kumi ya bwawa, atie humo samadi na majani, na kukoroga mara kwa mara. Maji yakigeuka rangi ya kijani, na atumbukize mkono hata kiwiko. Ikiwa vidole vyaonekana wazi, samadi bado haitoshi. Ikiwa mkono wapotea kabla ya kufika nusu, imezidi. Tano, asiweke vifaranga zaidi ya wawili kwa kila mita moja ya mraba. Sita, awape pumba za mahindi na mabaki ya dagaa, au kumbikumbi kwa majira yake, naye awape kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni, wakati maji yamepata joto, wala si alfajiri. Saba, watoto wa samaki watakaozaliwa awapunguze kwa wavu mdogo.

Nanyi wanafunzi, tunawapeni kazi ya mwezi mmoja. Tafuteni kipimajoto, mpime maji ya bwawa saa moja asubuhi na saa tisa alasiri kila siku, kwa kina cha dhiraa moja. Kila Jumamosi vueni samaki 20 kwa wavu laini, mpime uzito wao kwa pamoja, mgawanye kwa 20, kisha warudisheni majini upesi. Andikeni hesabu hizo katika daftari, na pembeni mwandike chakula mlichowapa. Mkiwa na mabwawa mawili, moja mlipe samadi na jingine mlinyime kwa mwezi huo tu. Mwisho wa mwezi daftari itawaambia mambo ambayo maneno yetu hayawezi kuwathibitishia.

Wazee walisema, mchumia juani hulia kivulini. Katika ufugaji wa samaki neno hilo ni kweli mara mbili: samaki huchuma nyama yake juani, naye mwenye bwawa huila chini ya kivuli cha migomba yake. Lakini ni lazima yule samaki akute kitu cha kuchuma. Mpeni jua, mpeni na chakula, msimsonge na wenzake, naye atawalipa.